Kimya cha Mwalimu Kamugisha

Miaka ile ya Ujamaa, sufuria zikiwa adimu madukani, mume wangu, Mwalimu Kamugisha, alikusanya zilizotoboka, akaziyeyusha, akaning'iniza gogo la alumini chumbani kwetu, Kimara. Alitaka kunasa mawimbi ya mvutano.

Huko mbali, aliniambia, kuna nyota zilizokwisha kuzimika, ziitwazo vibete vyeupe, zinazozungukana mbilimbili hadi anga lenyewe linatikisika. Mtikisiko ukitufikia unakuwa mdogo kupita kiasi. Wazungu na mitambo yao yote hawajaupata.

"Sasa wewe utaupata kwa sufuria?" nilimwuliza. Akacheka. Alikuwa hakasiriki, jambo lililoniudhi zaidi.

Chuoni walimwazima mashine ya kuchora mitikisiko ya gogo kwenye karatasi, airudishe Jumatatu, na hawangemwazima tena. Lakini jirani akitwanga tu, kalamu inaruka. Akaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi kuomba kimya. Nilimsihi aeleze sababu. Akasema habari za nyota zitamchosha mzee wa watu.

Basi mjumbe akapita nyumba hadi nyumba: vinu visitwangwe, redio zizimwe, kwa Mwalimu kuna jambo. Jambo! Nani asiyejua maana yake?

Jumamosi asubuhi kalamu ilichora mstari ulionyooka, kimya kimepatikana, na mume wangu akawa na furaha ambayo sikuwahi kuiona. Mara huyo jirani yetu Bi Hija na mkeka, nyuma yake wanawake na unga na kuni. Wanaume wakaanza kuburuta mabenchi uani.

"Pole, Mama Tekla," akaninong'oneza. "Nani katutoka?"

"Hajafa mtu, Bi Hija! Ni nyota tu!"

"Maskini, uchungu umemzidi," akawaambia wenzake. Wakatandika mikeka.

Nikachungulia chumbani. Kalamu inarukaruka, naye kaikumbatia mashine kama mtoto mwenye degedege. Nilikuwa nimechoshwa na gogo, na nyota, na mjumbe, na bado nilitamani azinase. Hasira ikanipanda, machozi yakanitoka palepale mlangoni.

Bi Hija kuyaona tu, akaangua kilio. Ua mzima ukampokea. Ndani, kalamu ikavuka ukingo wa karatasi.

Mume wangu akazima mashine, akatoka, akaketi mkekani kando yangu. Watu wakaja mmoja mmoja kumshika mkono.

"Pole, Mwalimu."

"Asante," akawaitikia wote, huku machozi yakimtiririka.