Boti Iliyopimwa kwa Mizani ya Bucha

Rahema binti Sulemani alikulia nyuma ya bucha ya baba yake pale Gachoka. Bucha yenyewe ilikwenda kwa kaka yake. Yeye alirithi mizani ya kuning'inia, ile yenye ndoano, pamoja na tabia ya kutopokea wala kutoa kitu kabla hakijaning'inizwa. Mkaa alipima, mahindi alipima, hata Asmaa bintiye alimpima siku ya pili baada ya kuzaliwa, na mkunga akabaki mdomo wazi.

Basi alipouza shamba aliloachiwa na marehemu mumewe na kununua boti ya injini kwenye bwawa la Kiambere, na kampuni ya kufuga samaki kwenye vizimba ikaja kuikodi mwaka mzima, ile mizani nayo ilikwenda ziwani. Siku ya makabidhiano akaitundika kwenye nguzo ya stoo, akaanza kupima jaketi za kuokoa maisha, moja baada ya nyingine.

"Mama Asmaa, kwani unatukodishia boti kwa kilo?" Munyi, meneja wa kampuni, akacheka.

"Kwa kilo, na mifupa ndani. Weka sahihi hapa."

Akaweka chini ya orodha ya uzito, akiwa bado anacheka. Jaketi kumi na mbili, kila moja gramu mia saba na hamsini, zikiwa kavu. Zikabaki kwenye stoo ya kampuni, maana wafanyakazi wake ndio wangezivaa wakipeleka chakula cha samaki. Usukani ukabaki kwa Rahema mwenyewe.

Rahema aliishia darasa la saba, lakini mkataba wa kukodisha boti alikuwa ameusoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Ulisema boti lazima iwe na kibali cha mkaguzi wakati wote, na kukitunza ni kazi ya mwenye boti. Kibali kikikosekana, siku hizo hazilipwi. Zikifika saba mfululizo, kampuni iko huru kuchukua boti nyingine. Rahema akakataa kutia sahihi mpaka iongezwe sentensi moja kwa kalamu: isipokuwa kama kimekosekana kwa mkono wa watu wa kampuni.

"Maneno mengi tu hayo," Munyi alisema, lakini aliandika.

Miezi minne ikapita vizuri. Halafu Jumatatu moja akaja mkaguzi, Kiunga, mtu wa Nkubu, mpole lakini hapindiki. Akabonyeza jaketi, akakunja uso. Akaitupa moja majini. Ikalala ubavu, ikaanza kuzama taratibu.

"Hii ukimvalisha mtu, umemvalisha shuka," akasema. Akakichukua kibali cha boti, akakitia kwenye mkoba wake.

"Basi leo ni siku ya kwanza," Munyi akasema, akitazama ng'ambo. Kule kulikuwa na boti nyingine, mwenyewe amekaa akisubiri simu.

Wanawake wa pale ziwani walitarajia Rahema atamwaga maneno. Hakumwaga. Alijua jambo moja: kibali ni mzigo wake, haidhuru ni nani amekiharibu. Ugomvi ungeweza kungoja, siku saba zisingengoja. Siku hiyohiyo akaenda Embu mjini, akakosa jaketi za kiwango kile. Kesho yake akashuka Nairobi, Jumatano akarudi na kumi na mbili mpya. Kiunga akamwambia ana nafasi Jumamosi tu. Jumamosi ni siku ya sita. Rahema akasema inatosha.

Kiunga akaja. Akabonyeza, akatupa majini, akatoa kibali. Munyi akageuka aende zake.

"Bado, Bwana Munyi," Rahema akasema. "Mkaguzi naye akae kidogo, awe shahidi." Akatundika mizani kwenye nguzo ileile.

Jaketi za zamani saba zilisoma mia saba na hamsini. Tano zikasoma mia tano.

"Jua limezikausha," Munyi akajaribu.

"Zilikuwa kavu ulipotia sahihi. Robo kilo kwa kila moja, mara tano, ni kilo moja na robo. Mnyama hapotei, Bwana Munyi. Kama hayuko kwenye ndoano, yuko kwenye sufuria ya mtu." Akamgeukia Gitari, mkubwa wa wapakiaji wa kampuni, ambaye kila asubuhi alivuka na kreti ya muguka, yale majani ya kutafuna, kuwauzia watu wa ng'ambo. Majani yake yalisifika kwa kutonyauka hata saa sita mchana. Rahema mwenyewe aliwahi kuyasifu. "Gitari, leta kreti yako."

Gitari akajikuna shingo. "Mama, muguka ikinyauka, nani atainunua?"

"Ilete tu, mwanangu. Sitaila."

Chini ya karatasi ya nailoni, kreti ilikuwa imetandikwa sponji nyeupe pande zote, ileile ya ndani ya jaketi, imekatwa kwa kisu vizuri kama kazi ya fundi. Rahema akaitoa, akaifunga kwa kamba, akaining'iniza. Mshale ukasimama kwenye kilo moja na robo.

Kiunga akakohoa kuficha kicheko. Munyi alitazama mshale, akatazama sentensi aliyoiandika kwa mkono wake. Kisha akaomba kalamu. Akaandika kwamba siku zile sita ni za kazi, na kwamba jaketi tano zitalipwa na kampuni.

"Na Gitari?" akauliza.

"Huyo ni wako. Mimi nataka jaketi zikae nzima."

Jumatatu, kabla Rahema hajawasha injini, alimkuta Munyi mlangoni mwa stoo, mizani mkononi, Gitari mbele yake akining'iniza jaketi.

"Mia saba na hamsini!" Munyi akaita.

"Kavu?" Rahema akauliza.

"Kavu, Mama."

Akawasha.