Zawadi Kumi na Tatu za Sim

Wageni hawajamaliza hata kushusha mizigo mlangoni mwa hoteli, Kiu alikwisha kuwasukumia kigari cha mtoto hadi miguuni.

"Bure! Chukueni, mtanirudishia siku ya kuondoka."

Duane na Marlys, mume na mke kutoka Marekani, walishukuru mpaka wakaona haya. Hawakujua kwamba kigari cha bure hurudishwa dukani kwa Kiu, na anayekirudisha hupita katikati ya rafu zote. Mzee Tang wa duka la ng'ambo ya barabara alivikodisha vya kwake yuan kumi kwa siku, na kazi yake ikawa kuvipangusa vumbi.

Mtoto waliyekuja kumchukua awe binti yao, Sim, wa miaka mitano, alikizunguka kile kigari, akakikagua magurudumu, akatia mkoba wake ndani na kukisukuma mwenyewe. Kiu akasema moyoni: huyu si wa kubebwa.

Kiu aliingia Guangzhou akiwa na miaka kumi na saba, na soksi dazeni mbili alizozitandaza juu ya nailoni chini ya daraja la reli. Alijifunza kuuza huku jicho moja likimtafuta polisi. Baadaye akapata meza, kisha duka lake mwenyewe hapa kisiwani Shamian, ambako wageni waliokabidhiwa watoto husubiri viza za kuondoka nao. Miaka minane alikuwa akiwasoma. Alijua desturi yao: humnunulia mtoto zawadi ya kila siku ya kuzaliwa mpaka atimize kumi na minane, wakazifungia kabatini huko kwao na kumpa moja kila mwaka, apate kitu cha nchi yake. Kwa Kiu, mtoto wa miezi kumi alikuwa zawadi kumi na nane. Sim zilimbakia kumi na tatu, nazo si haba.

Lakini siku nne zikapita, Marlys hajanunua hata kijiti cha kulia wali.

"Hana hela?" Kiu alimuuliza Ho, mkalimani wa familia ile.

"Hela anazo, dada Kiu. Mtoto ndiye hataki kumpa mkono. Mama akinyoosha wake, yeye anauficha mgongoni. Nimewapeleka hekaluni, mtoni, kuona dubu panda, wapi! Jana tumepiga picha kwenye kochi jekundu la hoteli, mtoto kakaa mwisho kabisa kama anasubiri basi. Mama anajifungia bafuni analia."

"Mama anayelia hanunui," Kiu alisema. "Niletee wote."

Walipofika dukani, Kiu akamvalisha Sim viatu vinavyolia kila hatua. Mtoto akatembea navyo mara moja, akavivua, akavirudisha. Akampa peremende. Sim akaila na kurudi kwenye kigari chake. Marlys akanyoosha mkono, mkono wa mtoto ukapotelea mgongoni. Kwa kutaka kuwachekesha, Duane akatwaa kofia ya kijani rafuni na kuivaa.

Ho aliruka kuivua. "Mzee! Huku mwanamume mwenye kofia hiyo anatangaza kwamba mkewe ana mwingine!"

Duane alicheka mpaka akakohoa, akataka mbili. Marlys hata hakutabasamu.

Siku ya mwisho walikuja kurudisha kigari. Marlys, kama mtu anayemaliza wajibu, akaomba zile zawadi zote kwa mkupuo. Kiu akazipanga mezani: bangili ya jade, lulu, kipepeo cha kujipepea, seti ya chai, magauni ya hariri ya kila kimo, muhuri wa jina.

"Elfu mbili na mia sita," akasema, akijiandaa kubishiwa. Kumbe hakuna wa kubisha. Duane alikwisha kufungua pochi.

Sim, aliyekuwa amesimama juu ya kigoda, akatumbua macho.

"Shangazi, unachinja watu!"

Kiu akaduwaa. "Nini?"

"Ghali! Kikombe hiki kina doa. Gauni hili uzi umetoka. Nusu!"

Ho alishika tumbo kwa kicheko, akaeleza. Bibi aliyemlea Sim alikuwa muuza mboga sokoni Zhaoqing, na mtoto alikulia juu ya kreti la kabichi.

"Na hukuniambia!"

"Hukuniuliza, dada Kiu."

"Nusu haiwezekani, mama mdogo," Kiu alimwambia mtoto. "Nitakula nini?"

"Basi twende zetu! Kwa yule mzee ni rahisi!"

Sim akaruka kutoka kigodani, akaunyaka mkono wa Marlys na kumburuta mlangoni.

Marlys hakuelewa neno hata moja. Alielewa mkono. Akaburutwa barabarani analia na kucheka kwa pamoja, kama aliyelewa, na Duane nyuma yao na pochi wazi. Ng'ambo, Mzee Tang akafungua milango yote miwili.

"Elfu mbili!" Kiu alipiga kelele. Sim hakugeuka. "Elfu moja na mia tano!" Hatua zikazidi. "Haya, nusu! Nusu, mwizi mdogo we!"

Sim akamgeuza mama yake kama anageuza toroli, akarudi naye. Zawadi zikafungwa, hela zikalipwa. Mtoto hakuondoka.

"Vitunguu vyangu?"

Kwa wauza mboga wa kule, ukinunua lazima uongezewe kishada cha vitunguu majani, bure. Ho alishindwa kutafsiri kwa kucheka.

"Hapa tunauza lulu!" Kiu alisema.

"Vitunguu vyangu."

Kiu akaingia nyuma ya pazia, kwenye jiko lake la mchana, akatoka na kishada alichokusudia kukitia kwenye samaki.

Basi, Kiu alitia mfukoni faida ya mia mbili pale alipokuwa amehesabu elfu moja na nusu, na mchana akala samaki mtupu. Mzee Tang alipata upepo tu wa milango yake. Sim aliondoka na vitunguu mkono wa kushoto. Mkono wa kulia alikuwa amemshika Marlys, na Ho aliapa kwamba hata kwenye lifti ilibidi Duane abonyeze kitufe, kwa sababu mkewe aliushika kwa mikono yote miwili, akakataa katakata kuuachia.