Moshi ya Etain

Mujukuu wangu iko anatengeneza kamashini ka jeu, kale ka kuchezea mukononi. Anaunganisha nyuzi na etain, ile madini ya kuyeyusha kwa moto, na moshi yake ikinifikia, siwezi tena kukaa.

Kule Cimpunda, nikiwa mutoto, tonton, mudogo wa baba, aliunganisha radio yetu vile vile. Mapile, betri zake, tuliyaanika juani tangu asubui yapate nguvu. Jirani alikuwa na radio nzima, lakini tuligombana naye juu ya kuku, tuache hiyo. Saa ya matangazo ya wafu ilikuwa inafika, na kule Shabunda shimo ya dhahabu ilibomokea watu. Kaka ya maman alikuwa anachimba mule.

"Shemeji, itasema?" maman akauliza.

"Itasema, maman. Kaa."

Hakukaa.

Radio ikasema: "...mazishi ni kesho." Jina lilikuwa limeshapita.

"Koko, kaa ujaribu," mujukuu ananiambia.

Ninabonyeza kamashini nikiwa nimesimama.