Madaktari Wawili, Jina Moja

Daktari alipomaliza kumpima kaka yangu, alitueleza kwamba ugonjwa wake umepewa jina la daktari mmoja wa Ulaya. Upo na ugonjwa mwingine, wa moyo, wenye jina hilohilo, ila hilo ni la daktari mwingine kabisa. Nikauliza kama walikuwa ndugu. Akacheka. Hawakuwahi hata kuonana, lakini wanafunzi wake kila mwaka huapa kwamba ni mtu mmoja. Bahati yao madaktari hao.

Nikaenda kwa karani kusaini fomu ya kulazwa. Akaweka vitambulisho vyetu pamoja, akakunja uso.

“Ssebo,” akaniita, yaani bwana, “majina hayafanani.”

Nikamweleza kwa upole nisiokuwa nao kwamba kwetu kaskazini mtoto hupewa jina la yaliyotokea alipozaliwa, si la ukoo. Mimi nilizaliwa mvua ikinyesha, kaka wakati wa njaa. Baba yetu polisi, mama yetu mmoja, na tumelala kitanda kimoja katika kambi ya polisi miaka kumi. Pua ni ileile, akitaka aipime.

Karani alinisikiliza vizuri sana. Kisha, kwenye nafasi ya uhusiano na mgonjwa, akaandika: jirani.