Lebo ya Kimya, Droo ya Kelele

Mtoto wa dada yangu alipotea kwenye kompyuta ya hospitali huku nimempakata.

Sitanii. Alikuwa hapa pajani, anacheza na vifungo vya shati langu. Ila ukiiuliza mashine, mtoto huyo hakuwepo.

Dada ana mapacha wa kike, wana miaka mitano. Mmoja tunamwita Kelele, mwingine Kimya, na ukikaa nao kidogo tu utajua nani ni nani. Siku ile wote wawili walikuwa wanatolewa mafindofindo. Nikaomba ruhusa kazini nimsindikize dada, maana baba yao alikuwa amebanwa na kazi.

Ukutani kulikuwa na skrini yenye majina ya watoto wa upasuaji. Mdogo kwa umri anatangulia, mkubwa anafuata, mashine inapanga yenyewe. Dada alimwandikisha Kimya kwanza, jina likatokea. Akafuata Kelele.

Muuguzi akaja, akamshika Kimya mkono, wakaondoka.

Kelele hakuwepo kwenye skrini.

Karani wa mapokezi akaapa kwamba amemwingiza. Akamwingiza tena mbele yetu. Wapi. Akaanza kuipiga kibodi kama anatwanga.

"Mjomba, kwani mimi sipo?" Kelele akaniuliza.

"Upo, mama. Wamekunyima kiti tu."

Nikacheka. Dada hakucheka, ila alishukuru kwamba angalau mmoja ameshaingia.

Ndipo nikachungulia kompyuta ya karani. Mbele ya jina la Kimya paliandikwa: Mzio, hakuna.

Kimya ana mzio wa penisilini. Aliwahi kudungwa mara moja, koo likavimba, nusura tumzike. Nikamuuliza dada kama aliwaambia. Aliwaambia, tena alisimama pale akaona ukiandikwa.

Sasa sikia. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na hii ya hospitali iliandikwa ofisini kwetu, na jamaa tunayemwita Nukta kwa sababu hajawahi kusahau hata nukta moja. Nilijua ametumia TreeMap.

Usiogope jina. Ni kabati la droo linalojipanga lenyewe. Lebo ya nje ndiyo ufunguo, vilivyomo ndani ndiyo thamani. Ukileta droo mpya, kabati linalinganisha lebo ili lijue pa kuiweka.

Swali ni moja tu: linalinganisha nini?

Nikampigia Nukta.

"Ile orodha ya watoto, umelinganisha kwa kitu gani?"

"Tarehe ya kuzaliwa. Kwani vipi?"

"Na zikifanana?"

Wote wawili tulijua jibu. Kabati likiona tarehe za lebo mbili ni sawa, haliongezi droo. Linaiacha lebo ya zamani pale pale, linatoa vya ndani na kuweka vipya. Nje lilibaki jina la Kimya. Ndani mlikuwa na taarifa za Kelele.

"Kimya," Nukta akasema. "Kimbia."

Nikamtupia dada mtoto wake.

Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji kuna mhudumu anayekataza viatu vya nje. Nilipita navyo. Daktari wa usingizi alikuwa ameshavuta dawa kwenye bomba la sindano.

"Hiyo ni penisilini?" nikauliza. "Usimdunge. Itamuua."

Akaangalia karatasi yake. "Ndiyo. Hapa pameandikwa hana mzio."

"Hizo ni habari za pacha wake."

Akaiweka sindano kwenye trei taratibu, halafu akatafuta pa kukaa. Kimya alikuwa macho, amelala chali, anatutazama.

"Nilimwambia siitaki hiyo sindano," akasema kwa kile kisauti chake.

Muuguzi akainamisha kichwa. Ni mtoto gani asiyesema hivyo?

Nukta alifika baadaye, jasho linamtiririka, shati limetoka nje. Kelele akamrukia shingoni.

"Baba, mimi sikuwepo."

Ndiyo. Nukta ni shemeji yangu. Mtu mwenye mapacha nyumbani ndiye aliyeandika programu isiyojua kwamba watoto wawili wanaweza kuzaliwa siku moja.

Dada alimtazama, hakusema neno. Kwa siku nyingi nyumba ile ilikuwa na Kimya wawili.

Dawa ya kosa la programu ilikuwa mstari mmoja: tarehe zikifanana, linganisha na namba ya mgonjwa. Shemeji aliuandika mwenyewe.

Mimi nilibaki na somo langu. Wote tulihangaika na aliyepotea, kumbe aliyepotea alikuwa salama pajani mwangu. Kitu kikipotea, kitafute, lakini mkague na yule unayemwona yupo. Huenda limebaki jina tu.