Macho ya Punda wa Abdulhafidh

Wanaonijua wataanza kucheka kabla sijafika mbali. Mimi ndiye niliyewaambia watoto wa mtaa wetu wa Alief kwamba joto la Houston liliwahi kuuivisha mchele ndani ya gunia, dukani, kabla sijaununua. Chekeni. Skuli sikwenda, herufi nilizipata chuo cha Kurani kwa fimbo, na habari hizi za shemeji yangu Abdulhafidh nimeziandika polepole ili uongo usipate nafasi ya kupenya.

Alimuoa mdogo wangu Mahfudha, Mombasa, mwaka sabini na saba, ametoka Bombay. Huko alikwenda mwaka sitini na sita, kijana mbichi, kumpeleka mjomba wake hospitali. Mjomba akazikwa huko huko, naye akabaki bila nauli ya kurudi. Akapata kazi katika nyumba moja iliyokuwa ikitengeneza filamu fupi za katuni, zile za dakika tatu nne zilizooneshwa sinema kabla ya picha yenyewe: nawa mikono, zaa wachache, mpende jirani wa dini nyingine. Kazi yake ilikuwa kuosha. Michoro ilifanywa juu ya karatasi za plastiki angavu, wino mbele, rangi nyuma, na plastiki ilikuwa adimu. Filamu ikishapigwa picha, Abdulhafidh aliziosha karatasi zote kwenye beseni ili zichorwe nyingine.

"Nimeosha simba, shemeji," aliniambia. "Nimeosha wafalme. Nimeosha treni nzima na abiria wake."

Baada ya miaka ya beseni alipewa brashi ya kujaza rangi. Kisha mwaka sabini na nne mchoraji mkubwa akaugua, na filamu ya serikali ya kuwakataza watu kupoteza maji ikamwangukia yeye. Akachora punda. Alimchukua punda wa maji wa kwetu Mombasa, akambebesha pipa, akampandisha ngazi za jumba la Bombay la ghorofa nne. Kila ghorofa mlango unafunguka na mtu anachota. Punda hasemi neno filamu nzima, anatazama tu. Ghorofa ya kwanza anatazama kwa majivuno. Ya pili ameanza kushtuka. Ya tatu anaomba. Juu kabisa yuko mtoto mgonjwa na kikombe chake, pipa halina tone, na punda anageuza shingo anatutazama sisi tuliokaa.

Filamu yenyewe ilioza ghalani, paa lilipovuja. Lakini karatasi zake mia tatu na themanini hakuziosha. Aliziiba, akazitia kwenye sanduku la bati, na sijui wizi mwingine aliowahi kufanya maisha yake yote.

Sanduku lile lilifika naye Houston mwaka themanini na nane. Mimi nilifuata miaka mitatu baadaye, nimefiwa na mume, nikakaa nao kwenye fleti ya Alief. Abdulhafidh aliendesha teksi. Ijumaa baada ya sala alipitia duka la kanda za video la Mhindi mmoja barabara ya Hillcroft, akaja na katuni fupi zilizonaswa kwenye televisheni za India, akatukalisha.

"Tazama, shemeji. Hii ya miaka ya themanini. Wamepata televisheni, wanatakiwa kutoa kila wiki. Ona watoto wote wanainua mkono pamoja. Mchoraji amechoka."

"Mimi naona watoto wenye adabu."

"Wewe unaona unachotaka."

Zilipoanza kuingia zile za kompyuta, alisogeza kiti karibu na televisheni. Rangi zilikuwa laini, hakuna mahali brashi ilipotetemeka. Mwisho alisema, "Hapa hakuna aliyelowa mikono," akazima.

Kisukari kilimkuta juu ya usukani. Mwaka elfu mbili na mbili jicho la kulia lilikwisha, teksi ikaondoka, na figo zikafuata. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi Mahfudha alimpeleka kusafishwa damu. Jicho la kushoto lilikuwa likivuja damu kwa ndani, na daktari alisema huenda likafika kiangazi, huenda lisifike.

Ndipo mama mmoja wa Kihindi, abiria wake wa zamani, akapiga simu. Chama chao cha Sugar Land, mji wa jirani, kilikuwa kinaandaa onyesho la katuni fupi za India, muongo kwa muongo, tangu za mkono mpaka za kompyuta. Wangeonesha mwezi wa Mei, mwaka elfu mbili na tatu. Ya miaka ya sabini hawakuwa nayo hata moja. Je, yale makaratasi aliyomsimulia njiani bado yapo?

Binti yao Lubna anaishi Mansfield, kule Dallas, na kazi yake ni hiyo hiyo ya katuni, za matangazo, kwa kompyuta. Akasema kwenye simu, "Baba, nitakuja nizi-scan moja moja, halafu tutamtembeza punda."

Shemeji yangu alikaa kitandani ameshika simu kwa mikono miwili. "Nimuone akipanda mara moja tu," alisema. "Kisha hili jicho liende linakotaka."

Sasa nafika mahali ninapotaka kuruka, na siruki.

Mahfudha alitaka kisomo kwa ajili ya jicho. Maalimu Abdulsalam wa msikiti wetu akakubali kuja na wenzake Jumamosi, wasome Yasini katika chumba alicholala mgonjwa. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda hicho hicho. Na mimi tangu utotoni nilisikia kwamba malaika hawaingii palipo na sura za viumbe. Sikumuuliza mtu. Nilijihukumia mwenyewe kwamba sura isiyo na macho si sura.

Wiki ile, asubuhi tatu walizokwenda kusafisha damu, nilikaa sakafuni na pamba na chupa ya marashi ya waridi, maana maji ya bomba niliyaona ni dharau. Nikageuza karatasi moja moja, nikafuta macho ya punda. Rangi ilitoka kama maziwa. Kila mmoja nilimwambia, "Toa yako, baba, apate yake." Mia tatu na sabini na nane. Mbili za chini zilikuwa zimegandana kwa joto, zikanishinda.

Kisomo kilisomwa. Watu walilia. Jicho halikubadilika. Nilimfuata Maalimu mpaka kwenye gari lake nikamnong'oneza nilichofanya. Alisimama na ufunguo mkononi.

"Zilikuwa wapi?"

"Sandukuni. Limefungwa."

"Nani alikuambia ufanye hivyo, bibi?"

Nikamfungulia mlango wa gari.

Lubna alikuja Jumamosi iliyofuata, mwendo wa saa nne na nusu barabarani. Alifungua sanduku mezani, akainua karatasi kwenye mwanga, ya pili, ya tatu, akaanza kuzipekua haraka. "Baba, macho yako wapi?"

"Mende," nikasema.

"Mende gani, mama mkubwa?"

"Mende wa Texas! Hamuwajui? Wanapenda rangi nyeupe. Nilimuona mmoja anatoka sandukuni, tumbo jeupe, anajipangusa sharubu."

"Dada," akasema Mahfudha. Aliniangalia sana. "Apa."

Kuapa nilishindwa. Nilisema chai inachemka.

Abdulhafidh alichukua karatasi, akaisogeza mpaka puani, kama alivyofanya siku hizo kwa kila kitu. Akaigeuza, akairudisha puani. "Mende mwenye adabu," alisema. "Amekula macho, masikio ameyaacha."

Lubna alizitenganisha zile mbili zilizogandana, akapata jicho moja zima. Akalitia kwenye kompyuta yake na kulipachika kwenye sura zote. Jioni moja tu. Bombay kazi hiyo ingechukua wanawake wanne na mwezi mzima. Akamsogezea babake mashine.

Punda akapanda. Shemeji yangu alitazama pua ikigusa kioo.

"Huyu ananitazama kama ofisa wa uhamiaji."

"Ni jicho lako, baba! Umelichora wewe."

"Nililichora la ghorofa ya kwanza. Sasa yuko ya tatu, anaomba huku anajivuna. Toa."

"Baba, onyesho ni mwezi ujao."

"Nipe brashi."

"Huoni!"

"Ndiyo maana nina haraka."

Lubna akaingia bafuni, akafungulia maji ili tusimsikie.

Akaanza. Alivaa glavu nyeupe za pamba kama zamani, na mimi nikawa wa kumshikia karatasi na kumchanganyia rangi. Nilijiteua mwenyewe, hakuna aliyeniomba. Kumi kwa siku, siku nyingine kumi na mbili. Za mwanzo, sitii chumvi, zilinitoa machozi: punda yule alinijua. Kwa nyuma ya karatasi alijaza weusi kwanza, akasubiri ukauke, akaweka nyeupe juu yake, akapuliza. Siku za kusafishwa damu alirudi amekuwa kijivu, akalala saa moja, akaamka akauliza, "Tuko ghorofa ya ngapi?"

Mwisho wa Aprili jicho likavuja tena. Nilimuona akiweka mboni chini ya mahali pake, kwenye shavu.

"Liko pake, shemeji?"

"Liko."

Kesho yake likaenda sikioni. "Liko?" "Liko." Likaenda nje ya kichwa kabisa, likaning'inia kwenye ukuta wa ngazi. "Liko," nikasema, nikamshikia karatasi iliyofuata.

Tarehe kumi na mbili Mei aliweka brashi pembeni ya glasi, ikaanguka, hakuinama kuitafuta. Zilibaki karatasi mia na arubaini. Akamwita Lubna kwenye simu. "Zipige picha zilivyo. Usimtie jicho ambalo sikulitia mimi. Niahidi." Lubna akaahidi. Alikuja akazipiga, na usiponiamini mimi basi muulize yeye, hakugusa hata nukta.

Ukumbi wa Sugar Land ulikuwa na baridi ya kukausha mifupa. Mimi nilikaa kushoto kwa Abdulhafidh, Mahfudha kulia, Lubna kule nyuma kwenye mashine. Zilipita za zamani kabisa, nyeusi na nyeupe. Kisha yule mama wa chama akataja jina la shemeji yangu na watu wakageuka. Yeye alikuwa ameinua uso kuelekea kwenye mwanga, lakini jicho la kushoto lilikuwa limekwisha wiki hiyo. Hakuwa anaona hata mwanga.

"Amefika wapi?"

"Ghorofa ya kwanza. Mlango umefunguka. Anajivuna huyo, utadhani pipa ni la dhahabu."

Akatabasamu. Ghorofa ya pili macho yakaanza kuteleza. Yalishuka shavuni, yakapanda sikioni, yakatoka yakazunguka hewani kama nzi wawili. Watu wakacheka, wakadhani ni mchezo. Kisha yakapotea. Punda akaendelea kupanda, uso mtupu, mguu baada ya mguu, hakosi ngazi. Kicheko kikakatika. Mtoto mmoja akamuuliza mamake kitu kwa Kiingereza, akanyamazishwa.

"Wamenyamaza," alisema Abdulhafidh. "Ya tatu?"

"Ya tatu."

"Anawatazama?"

Ulimi wangu huu haujawahi kukosa la kusema. Ungeweza kumpa punda macho mawili, hata manne. "Hapana, shemeji. Hana macho. Mengine yaliteleza, nami nilikuwa nakwambia yako pake. Haya hukuyafikia. Na si mende. Niliyafuta mimi, kwa ajili ya kisomo."

Hakugeuka. Alitafuta mkono wa kiti, akaukamata.

"Mende hanuki marashi ya waridi," alisema. "Nilijua siku ile ile."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Ungeacha kunishikia karatasi, na nani mwingine angeshika?" Akavuta pumzi. "Usinipotezee filamu. Yuko wapi?"

"Juu. Mtoto ametoa kikombe."

"Shingo?"

"Anaigeuza sasa. Ametugeukia."

"Na pipa?"

Mahfudha alikuwa analia na mtandio mdomoni. Nilitazama mbele ili nisikosee.

"Tupu, shemeji."