Mafuta ya Padri

Juzi kanisani mgonjwa alipakwa mafuta matakatifu, na harufu ile ya zeituni ikanirudisha nyumbani kwetu Pito, kwenye chumba alimolala dada yangu Fausta, akikoroma kifuani.

Nilikuwa mtoto, na Padri alipofungua kichupa cha mafuta nilifurahi, nikidhani hatimaye dawa imefika. Kila sala ilipoisha, Mama aliitika “Amina” bila sauti kutetemeka. Dada akapakwa kwenye paji la uso na viganjani.

“Mpake na miguu, Padri,” nikasema. “Imekuwa ya baridi.”

Padri alimtazama Mama.

“Mpake tu, Padri,” Mama akasema. Padri alipompaka, Mama akaitika tena.

Nilikimbia shambani kumwambia Baba, aliyekuwa akivuna ulezi, kwamba dada amepata dawa.

“Nani kaileta?” akauliza.

“Padri.”

Baba aliangusha kisu, akakaa chini palepale kwenye ulezi. Nilidhani amechoka.

Dada alifariki kabla jua halijazama. Mama alijua tangu kichupa kilipofunguliwa kwamba yale ni mafuta ya anayekaribia kufa, na bado aliitika kila sala. Sasa nami ni mama, na sidhani kama ningeweza.